Jina la Mdogo Wake

Nilikubali mchana, mnamo saa nane, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu katika biro, yaani ofisi, ya komini ya Alunguli. Hakuna aliyenilazimisha. Mgeni aliyekuwa mbele yangu hakuwa na bunduki, hakuniahidi kitu, na mimi sikumwomba kitu. Ningekuwa nimehongwa, leo ningekuwa na kisingizio. Alitaka karatasi moja tu: hati ya kuzaliwa ya binti yangu mdogo, apewe binti yangu mkubwa aitumie kama yake. Nilifungua kitabu, nikanakili mistari sita, nikapiga muhuri, nikapuliza wino ukauke. Binti yangu mdogo alikuwa amekufa miaka tisa kabla ya siku hiyo.

Sitataja majina katika maandishi haya. Nimeyachezea vya kutosha.

Nilikuwa karani wa eta-sivil, mtu anayeandika kuzaliwa, kuoana na kufa kwa watu wa komini. Nilimaliza sekondari, nilikuwa na mwandiko unaosomeka, na wakati ule hiyo ilitosha. Alunguli iko ng'ambo ya Lualaba, ukitoka katikati ya mji wa Kindu. Watu walivuka kwa mtumbwi kwenda sokoni, lakini kwa mambo ya kuzaliwa na kufa walikuja kwangu. Nilikuwa na mke na mabinti wawili waliopishana miaka minne. Na kama ilivyo kwetu, baada ya kumpata yule wa kwanza hakuna tena aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa baba wa huyo wa kwanza, na mke wangu aliitwa mama wa huyo wa kwanza. Jina langu mwenyewe lilibaki kwenye karatasi za kazi tu.

Vita ya pili ilipofika upande wetu tulikimbia. Kabla ya kukimbia nilifanya jambo ambalo nilisifiwa kwalo miaka mingi. Nilibeba vitabu vya komini, vinane, nikavifunga kwa plastiki, nikavitia katika sanduku la chuma, nikachimba shimo jikoni kwangu chini ya mafiga. Mke wangu alikuwa anafunga nguo. Akauliza, "Unazika nani?"

"Alunguli yote," nilimjibu.

Alicheka kidogo. Kisha tukafukia na kuondoka kwa njia ya Kailo, na baadaye tukaiacha njia, tukaingia porini. Mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi, alimbeba mdogo mgongoni kwa kipande cha kikwembe, yaani kitenge. Mdogo alikuwa na miaka sita na angeweza kutembea, lakini alichoka upesi, na mkubwa hakutaka abebwe na mtu mwingine. Nilijaribu kumpokea mara mbili. "Hapana, baba, njo mutoto yangu," alisema, maana yake huyu ni mtoto wake.

Wakulima wa kijiji kimoja kidogo walitupokea. Tulikaa nao miezi mingi, tukilima mpunga wao na kula muhogo wao. Surua ilipita hapo. Mdogo alikufa asubuhi moja kabla umande haujakauka. Hakukuwa na kitambaa cheupe cha kumzikia, kwa hiyo mama yake alivua kikwembe alichokuwa amejifunga na kubaki na nguo ya ndani mpaka mwenye nyumba alipomletea nyingine. Tulimswalia watu watatu. Mkulima mmoja Mkristo alisimama nyuma yetu na jembe lake, akingoja tumalize ili asaidie kufukia. Watu wakiniuliza nilihisi nini siku ile, nawajibu kwamba sikuhisi kitu, nao wanadhani najificha. Ninachokumbuka ni mpini wa jembe. Ulikuwa mpya, haujalainika, ukanitoa malengelenge. Mkubwa alibaki na kile kipande cha kubebea kiunoni siku nyingi, na hakuna aliyemwambia akifungue.

Tuliporudi, nyumba yetu haikuwa na paa wala milango, lakini mafiga yalikuwa mahali pake. Nilichimba. Vitabu vilikuwa vizima, pembe tu ndizo zilipata unyevu. Mkuu wa komini alinishika mkono mbele ya watu. Tangu siku hiyo watu waliniita mzee wa kitabu, ingawa nilikuwa bado sijafika miaka hamsini.

Kisha ulianza mstari. Watu waliotoka porini walikuja kuandikisha wafu wao. Kila mmoja alitakiwa kuja na mashahidi wawili, na wengi walishuhudiana wao kwa wao: leo mimi shahidi wako, kesho wewe shahidi wangu. Waliopanga mstari asubuhi walikaa chini ikifika mchana. Niliandika mahali, nikiuliza, "Kijiji gani?" na wengi walijibu, "Porini," basi nikaandika porini. Niliandika kurasa baada ya kurasa.

Siku moja niliinua kichwa na kumwona mke wangu mbele ya dirisha. Alikuwa amesimama kwenye mstari tangu asubuhi kama wengine, na nyuma yake majirani wawili wanawake, mashahidi wake. Hakuniambia nyumbani kwamba atakuja.

"Nimekuja kuandikisha mutoto," alisema, kana kwamba hanijui.

Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Rudi nyumbani. Hii ya kwetu nitaiandika mie mwenyewe."

"Lini?"

"Nitaiandika."

Alinitazama, akawageukia mashahidi wake, wakaondoka. Aliyekuwa nyuma yake akasogea.

Sikuiandika. Nilijaribu. Mara tatu nilifungua ukurasa mpya, nikaweka namba na tarehe. Katika fomu ya kifo kuna nafasi ya mtu anayeleta habari, na chini yake nafasi ya anayeiandika. Zote mbili zilikuwa zangu. Nilifika hapo nikafunga kitabu. Mwaka ulipita, ukaja mwingine, na mke wangu akaacha kuuliza. Katika kitabu nilichokiokoa, mtoto wangu mdogo aliendelea kukua.

Mkubwa alianza mpira akiwa na miaka kumi na miwili. Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu wa shule, aliyekusanya wasichana uwanjani kando ya reli, ng'ambo, upande wa mjini. Binti yangu alivuka kwa mtumbwi na viatu vikining'inia shingoni. Nilimtaka avae suruali ndefu ndani ya kaptula, naye alivaa bila kubisha. Imamu aliwahi kuniuliza juu ya jambo hilo mara moja, kwa upole. Niliporudi nyumbani nikiwa nimeamua kumkataza, mke wangu alisema, "Mupira njo unamuchekesha. Hakuna kingine. Mwache."

Ilikuwa kweli. Nyumbani alikuwa mkimya, akiosha vyombo na kutwanga. Uwanjani alikuwa na mdomo. Nilimsikia akimwambia beki mkubwa kuliko yeye, "Dada, funga miguu, upepo unapita," kisha akampitishia mpira katikati ya miguu. Watu walianguka kwa kucheka. Alitumia mguu wa kushoto. Alikimbia kama mtu aliyezoea kubeba mzigo na sasa ametuliwa.

Alikuwa na miaka kumi na tisa mgeni alipokuja kutoka Kinshasa. Alitafuta wasichana wa kuchezea timu kubwa, na zaidi alitafuta wa kuchezea timu ya taifa ya vijana. Alitazama mchezo mmoja, kisha akaja nilipokuwa nimekaa.

"Muzee, huyu wa mguu wa kushoto ni wako?"

"Njo wangu."

"Iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa samaki aliyelala. "Nimeuliza vibaya. Iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Muzee, wa kumi na tisa niko nao Kinshasa, wanajaa mpaka kwa murango. Natafuta wa chini ya kumi na saba." Alikaa kando yangu. "Kwako hakuna mwingine, mudogo yake?"

"Alikuwako. Alikufa kwa vita."

"Pole, muzee." Alitazama uwanja muda unaotosha kwa adabu. Kisha akauliza, "Kufa kwake kuliandikwa?"

Kabla ya hapo, ni mke wangu peke yake aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikasema hapana.

"Basi kwa kitabu iko muzima," alisema. "Na wewe njo mwenye kitabu."

Jioni ile niliwaeleza nyumbani. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Binti yangu alikaa kizingitini akifuta matope kwenye viatu kwa kitambaa. Nilieleza kwamba atakwenda Kinshasa, atacheza, atapanda ndege, na kwamba ni karatasi tu. Nilisema neno hilo zaidi ya mara moja, karatasi tu. Aliponielewa alisimamisha kile kitambaa.

"Na yeye?" aliuliza.

"Yeye hahitaji tena," nilisema.

Mke wangu aliacha kutwanga. "Mie nilisimama kwa mustari," alisema. "Ukasema utaandika."

"Nitaandika."

"Sasa utaandika nani?"

Aliinua mchi tena. Akaendelea kutwanga. Binti yangu alifunga kamba za viatu pamoja, akavitundika msumarini, akaniambia jambo ambalo nalifikiria kila siku. Alisema, "Baba, kama unakataa, mie nitabakia. Sitakasirika. Nitacheza hapa." Alisema taratibu akinitazama usoni. Nadhani sasa kwamba alikuwa ananiomba nikatae. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alitaka kucheza kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo hakuweza kukataa mwenyewe. Ilikuwa kazi yangu.

Nilitaka aende. Nilitaka nyumba yetu ipate kitu baada ya kupoteza. Na nilitaka, nalikiri, lile swali la kuandika au kutoandika liishe. Kesho yake saa nane mchana likaisha.

Alikwenda. Miezi michache baadaye tulisikia jina kwenye radio. Mtangazaji alilitaja kamili: la ukoo, la babu, na lile tulilompa mdogo siku ya saba baada ya kuzaliwa. Alisema amefunga bao, ana miaka kumi na tano, ni fahari ya Maniema, jimbo letu. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Alisimama, akabeba ungo, akaenda kuchambulia nyuma ya nyumba. Kila mara radio ilipotangaza mpira wa wanawake alifanya hivyo, hata mvua ikinyesha.

Majirani walijua. Alunguli yote ilijua, maana mashahidi wawili wa mke wangu walikuwa wazima. Hakuna aliyesema neno kwa kiongozi yeyote, kwa sababu hapakuwa na nyumba isiyokuwa na karatasi yake ya namna fulani baada ya vita. Lakini tulikuwa na jirani mmoja mwanamke, muuza mawese, aliyekuwa na ulimi. Siku moja alinisimamisha njiani na chupa zake kichwani.

"Baba, pongezi. Nasikia jana marehemu alifunga mbili."

"Nyamaza, mama."

"Nanyamaza. Lakini wa kwangu waliokufa, hata sahani hawaoshi. Wa kwako anafunga mabao."

Alicheka, na mimi nilicheka pia. Sikujua la kufanya na uso wangu.

Jambo lingine lilikuja polepole. Watu wa mjini, wasiotujua, walianza kuniita baba wa huyo wa radio. Kwenye gati waliniita hivyo, na msikitini wageni waliniita hivyo. Mwanzoni niliitika kwa kuchelewa, halafu nikazoea. Mwishoni ni mke wangu peke yake aliyeniita baba wa yule wa kwanza. Aliita kwa sauti, mbele ya wageni, hata kama nilikuwa karibu na hakukuwa na haja ya kuniita.

Binti yangu alicheza Kinshasa miaka sita. Kisha timu ya Dar es Salaam ikamchukua kwa mkataba, na baada ya hapo Moroko. Yeye ndiye msichana wa kwanza kutoka mtaa wetu kuishi kwa mpira. Sitasimulia michezo yake kwa sababu mingi sikuiona. Niliona michache kwenye telefone ya jirani, watu wadogo sana wakikimbia kwenye majani. Nilimtambua kwa jinsi anavyovuta soksi moja tu. Alipopiga simu hakuwahi kutaja jina. Alisema, "Ni mie." Mama yake alimwita kwa lake, nami sikumwita kwa lolote. Nilisema, "Mutoto yangu."

Mara moja, alipokuwa Dar es Salaam, alinisimulia juu ya goti. Daktari wa timu alitazama picha ya mfupa akamwambia, "Dada, una miaka ishirini na tatu, lakini goti lako ni la mama mzima." Wote chumbani walicheka, naye akacheka. "Baba, nilitaka kumwambia ishirini na saba," alisema. "Ilikuwa hapa kwa mudomo. Nikanyamaza." Nikamwambia alifanya vema. Alisema pia kwamba kila mwaka wachezaji wenzake wanamletea keki siku ya kuzaliwa ya mdogo wake, na kwamba yeye ndiye anaikata.

Alileta jezi moja alipokuja likizo. Mgongoni kulikuwa na jina. Nilitaka kuitundika sebuleni. Mama yake aliichukua bila kelele, na sikuiona tena mpaka siku alipofariki.

Mke wangu alifariki kwa tansyo, shinikizo la damu, asubuhi, akiwa kwenye mkeka wake wa kuswalia. Wanawake walipofungua sanduku lake kutoa kitambaa cheupe cha sanda alichojiwekea, walikuta sanda hiyo imekunjwa pamoja na ile jezi. Walikuja kuniuliza jezi waifanye nini. Nilisema warudishe sandukuni.

Tulimzika siku ileile. Binti yangu alifika siku ya pili. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na ishirini na tisa kwenye pasi yake ya kusafiria. Alichechemea kidogo akipanda kutoka gatini. Wanawake walimwonyesha sanduku, akakaa nalo muda mrefu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kisomo. Kwetu, kabla watu hawajatawanyika, mtu wa nyumba husoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto gani, na watoto gani walimtangulia. Watu husikiliza sana hapo, hasa wazee, kwa sababu anayesomwa pale amesomwa, na anayeachwa ameachwa. Kazi hiyo ilikuwa yangu katika misiba ya mtaa mzima. Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kuyaandika maisha ya mke wangu.

Binti yangu alikuja kukaa mkekani karibu nami. "Baba, umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nilisoma. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mie niko wapi?"

Nilimwonyesha mstari.

"Huyo si mie. Huyo mama alimuzika na kikwembe yake."

Nilifunika kalamu yangu.

"Leo tu, baba," alisema. "Mama asomewe watoto yake wawili. Mukubwa iko, mudogo alitangulia. Njo hiyo tu. Sitaomba tena kitu."

Nilimwambia kwamba watu wa radio wapo, na viongozi wa mpira wa provensi wamekuja kutoa pole, wamekaa mbele. Nilimwambia mkataba wake umebaki mwaka mzima.

"Mukataba njo yangu."

"Watakufungia kucheza."

"Wanifungie. Magoti iko tayari."

"Tutaona," nilisema.

Alinisikia. Nadhani alisikia pia ile "nitaandika" ya zamani, maana aliniambia, "Ulisema yeye hahitaji tena. Sawa. Lakini mie nahitaji."

Nilikuwa na saa nzima ya kufikiri. Ningeweza kubadilisha mistari miwili. Nilitazama viongozi waliokaa kwenye viti vya plastiki, mmoja na suti, na nikawaza uso wangu mbele yao: mzee wa kitabu, aliyeficha vitabu vya komini, amefanya nini na vitabu hivyo. Niliwaza mkataba wake, ndiyo, lakini baada ya uso wangu. Nasema hivi kwa sababu miaka miwili nilijiambia kinyume chake.

Nilisimama nikasoma. "Marehemu ameacha mtoto mmoja," nilisema, na nikataja jina la mtoto aliyezikwa porini. Sikutaja aliyetangulia. Yule wa kwanza, ambaye kwa jina lake mimi na mama yake tuliitwa maisha yetu yote, sikumtaja popote, si kwa walio hai wala kwa waliokufa. Wazee wa Alunguli walitazama chini. Katika ukimya ule yule muuza mawese, aliyekuwa amezeeka sasa, aliuliza kwa sauti ndogo, bila utani wowote, "Na mukubwa?"

Nilikunja karatasi.

Binti yangu aliinuka kutoka kwa wanawake, akaingia ndani. Alitoka na begi lake na ile jezi mkononi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakulia. Alisema, "Bakia salama, muzee."

Tangu alipojua kusema, hakuwahi kuniita hivyo. Hivyo ndivyo wapita njia wanavyomwita mzee yeyote.

Nilimpigia simu wiki iliyofuata na nyingine, hakupokea. Mwezi wa tatu baada ya msiba alipokea.

"Ni nani?"

"Ni baba."

"Baba wa nani?"

Hakuuliza kwa ukali. Alingoja. Nilikuwa na majina mawili mdomoni, na nilijua ni lipi anangoja, lakini nilikuwa sijalitamka kwenye simu kwa miaka kumi na minne, na halikutoka. Alingoja kitambo, nikisikia nyuma yake wanawake wakicheka kwa lugha nisiyoijua. Kisha akakata. Namba hiyo haipatikani tena.

Mwaka huu radio ilisema ameacha mpira akiwa na miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa peke yangu jikoni. Nikasema thelathini na mitano.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye biro yangu ya zamani. Karani wa sasa ni mwanamke kijana, ambaye kuzaliwa kwake nilikuandika mimi. Alinipa kiti.

"Karibu, muzee. Kitabu yako iko bado, tunaitumia kila siku. Mwandiko yako tu njo tunasoma bila miwani."

Nilimwambia nimekuja kuandikisha kifo cha mtoto, nikataja jina. Alicheka, kisha akaona sicheki.

"Muzee, huyu namujua. Iko kwa telefone yangu. Alikuwa anacheza Moroko."

"Alikufa kwa vita. Alikuwa na miaka sita."

Alinitazama kwa huruma. "Mumekula leo, muzee?"

"Nimekula."

"Basi leteni mashahidi wawili."

Shahidi wangu mmoja aliyeona kaburi ni mke wangu. Mwingine ni binti yangu. Wale wakulima sijui kama bado wapo, na hata kijiji nisingekiona tena, pori limekwisha kukifunika. Nilimwomba afungue ukurasa wa yule wa kwanza. Alitafuta kwa kidole, akafika.

"Huyu hana kitu chochote," alisema. "Hana karte ya kura, hana ndoa, hana mutoto, hana kifo. Alizaliwa tu. Munamujua?"

"Namjua."

"Iko wapi?"

Nilimwambia sijui, na ndiyo kweli.

Kama ningekataa mchana ule, angebaki akicheza ng'ambo mpaka magoti yachoke, angeolewa au asingeolewa, angeuza mikate kwenye gati. Sijui kama angefurahi. Lakini ningemwita kutoka jikoni naye angeitika.

Nilikuwa na mabinti wawili. Mdogo alichukuliwa na surua wakati wa vita. Mkubwa nilimtoa mimi, kwa mkono wangu, kwa mistari sita, na nilipopewa nafasi ya kumrudisha mbele ya msiba wa mama yake nilimtoa mara ya pili. Yuko hai mahali fulani, na si binti yangu tena. Hakuna mtu duniani anayeniita kwa jina lake.